Mlango wa Ndama

Mimi ni Mserer, wa kabila la wakulima wa karanga, na kwa dhambi nisizozikumbuka Mungu amenipangia kuishi kwa Wafulani, watu wa ng'ombe. Nimeendesha injini ya kisima cha Wendu Yaare tangu nina nywele, na sasa kichwa kinang'aa kama kibuyu kilichosuguliwa. Hakuna Mfulani anayeleta ng'ombe kwenye mabirika yangu ya kunyweshea ambaye sijamtukana, na hakuna ambaye hajanirudishia. Jua likishuka tunakunywa chai pamoja. Ndivyo utani wetu ulivyo tangu kwa mababu: mimi nawaita watumwa wangu, wao wananiita mtumwa wao, na bwana hajapatikana mpaka leo. Mtani akikusema, hununi. Mtani akikupa kitu, hukatai.

Hii ni habari ya Dado Sow, mjane wa Yero Ka, na ndama aliyemlisha. Naisimulia mimi kwa sababu yeye hatakusimulia. Ukimuuliza atakwambia hapakuwa na kitu, kisha atakuuliza hali ya mbuzi wako. Wafulani wana haya iliyopita kiasi. Mfulani mwenye njaa anasema ameshiba, anayeumwa anasema hajambo, na aliyefiwa usiku anakuuliza asubuhi wewe umelalaje. Inaniudhi tabia hiyo, na miaka yote hii sijaizoea.

Siku Dado alipopewa jina, baba yake alimtolea mtamba wa rangi ya njano. Kwa Kifulani ng'ombe wa rangi hiyo huitwa Oole. Mtamba akakua, akazaa, na wajukuu zake wa kike wakaitwa Oole wote, hata mmoja aliyetoka mwekundu. Dado alikua nyuma ya mikia yao. Alipoolewa na Yero alikuja nao huku, na nakumbuka siku yao ya kwanza kunywa kwangu. Walikataa kusukumana na ng'ombe wa wengine, wakasimama pembeni wakingoja birika litulie.

"Bibi harusi," nikamwambia, "ng'ombe wako wana maringo."

Akavuta mtandio usoni, akasema kwa sauti ndogo, "Si maringo. Wamesikia harufu ya Mserer."

Nikajua huyu tutapatana.

Miaka haikumfanyia wema. Yero alifariki akiwa bado kijana. Ukaja mwaka wa moto uliokula malisho yote ya mashariki, kisha mwaka ambao mvua ilikatika katikati, mawele yakiwa hayajatoa masuke. Kila mwaka mbaya uliondoka na ng'ombe wake. Mwanzoni mwa kiangazi ninachokisimulia, alikuwa amebaki na Oole mmoja mzee, meno yamelika hadi kwenye fizi, na ndama wake jike aliyezaliwa mwishoni mwa mvua. Yule mama asingezaa tena. Hilo hata mimi mchimba karanga niliweza kuliona. Kizazi kizima cha wale ng'ombe kilikuwa kimebaki kwa ndama mmoja mwenye masikio makubwa kuliko uso.

Na Jewo, binti pekee wa Dado, alikuwa amechumbiwa na watu wa kule mtoni. Angeondoka mvua zikiisha.

"Latir," Dado aliniambia siku moja akijaza maji, "mama yangu hayupo. Bibi yangu hayupo. Mwanangu akienda kwa watu bila Oole, ataenda na nani?"

Nilikuwa na neno la utani mdomoni. Badala yake nikamtwisha ndoo.

Shida ya kiangazi cha Ferlo, nyika yetu hii, si kwamba nyasi zimekwisha. Zipo, zimesimama, na ndama anashinda akizitafuna mpaka ubavu unatuna. Lakini ni nyasi tupu. Zinajaza tumbo na mwili haupati kitu. Jioni ndama anarudi na tumbo la tajiri na mgongo wa fukara, anamkimbilia mama yake, na mama naye amekula nyasi hizo hizo. Tena kabla ya ndama kuna kibuyu, maana mwanamke wa Kifulani hukamua kwanza, apate ya nyumbani na ya mgeni, ndipo ndama apewe yaliyobaki.

Dado aliwaza peke yake. Alikuwa amefika kijijini kwetu mara moja, kwenye harusi ya binti yangu, akaona tunavyofunga kondoo dume uani na kuwalisha majani ya karanga na pumba mpaka sikukuu ya kuchinja ifike. Sisi tulidhani anatazama ngoma.

"Hebu nieleze, Mserer," aliniambia. "Kwa nini anayengoja kisu ale vizuri kuliko anayengoja kuzaa?"

Nikamwambia akawaulize kondoo.

Basi akatoa mbuzi wake karibu wote, akapata magunia ya pumba za uwele na mashudu ya pamba kidogo. Mimi nikaagiza majani makavu ya karanga kwa ndugu zangu. Pembeni mwa boma lake akazungushia miiba kiwanja kidogo, na mlango wake ukawa magogo mawili yaliyosimikwa karibu karibu, nafasi ya mabega ya ndama na si zaidi. Ndama angepenya, ng'ombe mkubwa angebaki nje akilalamika. Ndani akaweka hori la gogo lililochimbwa na donge la chumvi. Pumba alizichanganya na maganda ya mgunga, akayatwanga mwenyewe kwenye kinu mpaka yakawa unga. Mashudu alitia kiganja kimoja tu, kwa sababu tumbo la ndama mchanga haliyawezi mengi.

Siku ya kwanza ndama alinusa, akapiga chafya, akaondoka. Dado akachovya vidole kwenye maziwa, akavipaka pumba, akamtia mdomoni. Kesho yake hivyo hivyo, na siku iliyofuata. Ndama akawa ananyonya vidole na kumeza pumba bila kujijua. Kisha jioni moja, akirudi kutoka malishoni, alipita moja kwa moja kati ya yale magogo na kuzamisha uso wote horini. Na kwenye kukamua, Dado akaanza kuacha chuchu mbili kwa ajili ya ndama. Mgeni akija alipewa nusu kibuyu. Kwa Mfulani kumpa mgeni nusu kibuyu ni maumivu, na Dado aliyapata kila alipokunja mkeka wa mgeni.

Aliyecheka kuliko wote ni Demba Ka, kaka mkubwa wa marehemu Yero na mkuu wa kambi yao. Mzee mrefu, mkavu, kanzu yake haina doa hata katikati ya vumbi la mifugo.

"Ng'ombe wa gunia!" alisema birikani, watu wote wamesimama. "Shemeji yangu amepata ng'ombe wa gunia. Leo anawatwangia, kesho atawapikia. Ngojeni, atawafundisha kutumia kijiko."

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, ilikuwa inachekesha.

Kwa Mfulani wa aina ya Demba, ng'ombe ni wa porini. Ukimnunulia chakula umetangaza kwamba malisho yamekukataa na ufugaji umekushinda. Kwa hiyo ndama zake walikula nyasi tupu kama ndama za baba yake, na kiangazi kilipozidi kuwaka wakaanza kuonyesha mbavu. Wawili walikufa. Demba alisema ni ugonjwa.

Lakini ndama hana haya ya Kifulani. Jioni moja waliobaki walisikia harufu ya pumba, wakamfuata Oole mdogo, wakapenya mlangoni mmoja mmoja. Magogo yalipima mabega tu, hayakuuliza mwenyewe ni nani. Walikuwa wakubwa kidogo kuliko wa Dado. Walimsukuma kando na kulisafisha hori.

Nilikuwepo, nimeleta majani ya karanga. Dado amesimama na kikapu mkononi, anatazama chakula cha ndama wake kikiisha. Na kule kwenye boma lake, Demba ametupa mgongo, anatazama jua linavyozama. Sijawahi kuona mtu akilitazama jua kwa bidii namna ile.

"Wafukuze!" nikasema.

"Taratibu, Latir."

"Taratibu nini? Chukua fimbo! Au nipe mimi!"

"Ni ndama za shemeji yangu mkubwa. Nikiwafukuza kwenye chakula, nimemwambia nimeona kwamba wana njaa."

"Si wana njaa kweli?"

"Wanayo. Ndiyo sababu siwezi kusema."

Hayo ndiyo mambo yao. Kila jioni ikawa hivyo: yeye akimimina pumba, ndama za Demba wakizila, Demba akitazama jua. Wote wawili walikuwa wanajua, na kila mmoja alijua kwamba mwenzake anajua, na hapana aliyefungua mdomo. Magunia yakawa yanapungua na Oole mdogo haongezeki. Nilipohesabu moyoni umbali wa mvua, damu ikanichemka.

Asubuhi Demba alipoleta ng'ombe zake, nilizima injini ili kila mtu anisikie.

"Demba Ka! Mtumwa wangu!"

"Sema, mtumwa wangu."

"Nilikuwa najua Mfulani ni mwizi wa ng'ombe. Sikujua kwamba na ng'ombe wa Mfulani ni mwizi! Ndama zako wanaiba chakula cha mjane kila jioni, na wewe umesimama mlinzi!"

Watu waliangua kicheko mpaka punda wakashtuka. Demba naye alicheka, kama sheria ya utani inavyotaka.

"Wamejifunza kwako," akasema. "Tangu wanywe maji ya Mserer, hawashibi."

Lilikuwa jibu zuri. Lakini aliinama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka, na jioni ile ndama zake walikuwa wamefungwa kwenye kamba, mbali, upande wa pili wa boma.

Nilijiona shujaa. Nikategemea Dado atanikaribisha kwa maziwa. Badala yake alikuja kwenye nyumba ya injini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasimama mlangoni.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna. Ni utani tu, Dado."

"Umemvua nguo mbele ya watu anaowaongoza."

"Amecheka!"

"Angefanya nini? Wewe ulicheka ukaenda kula. Mimi nasikia ndama zake wakilia kila jioni, na yeye anamsikia wangu akitafuna. Yero alipokufa ni yeye aliyemwosha. Mwaka wa moto ni yeye aliyenikatia kuni na kunitekea maji, na hakuwahi kulitaja. Unadhani pumba zile zina ladha gani sasa?"

Nilijaribu kumchekesha. Hakucheka. Aliondoka bila kuniaga, na Mfulani asiyeaga amekasirika kuliko Mserer aliyeshika panga.

Baada ya siku kadhaa alirudi na punda. Punda amebebeshwa pumba, zimechanganywa tayari, na nilipoangalia nikatambua ni nusu nzima ya alichobakiwa nacho.

"Mpelekee," akasema.

"Nani? Demba? Mpelekee wewe."

"Nikimpa mimi, nimemwita maskini. Ukimpa wewe, umemtukana tu. Matusi yako amekwisha kuyazoea." Akanitazama usoni, kitu kingine ambacho Wafulani hawafanyi. "Ulichokifunga kwa mdomo, kifungue kwa mdomo."

"Na Oole?"

"Atakula nusu."

"Na nusu ikiisha kabla ya mvua? Na Jewo je?"

"Mbuzi wako hawajambo?" akaniuliza.

Kwa hiyo nilifanya nilichoambiwa. Nilingoja mabirika yajae watu, nikamburuta punda mpaka mbele ya Demba, nikamwaga maneno.

"Mtumwa wangu! Nimewatazama ndama zako nikaona aibu. Watu watasema bwana wako hakulishi. Chukua pumba hizi, ukale wewe na mifugo yako, na ukishiba uje unisugulie injini!"

Kicheko kilipanda. Demba hakuweza kukataa. Mtani akikupa, hukatai, na yeye ndiye mlinzi wa desturi zote za kambi ile.

"Mserer ametoa kitu?" akasema kwa sauti. "Basi lazima kimeoza."

Akatia mkono guniani, akainua pumba puani anuse. Akazichambua kwa kidole gumba, akautazama ule unga mwekundu wa maganda ya mgunga, ambao hakuna mtu mwingine Wendu Yaare aliyekuwa akiutwanga. Watu walikuwa wanangoja jibu lake.

"Zimeoza kweli," akasema mwishowe. "Lakini mtumwa akimletea bwana wake zawadi, hapigwi. Zishusheni."

Sauti yake ilikuwa imepungua. Alizirudisha guniani zile za mkononi, punje kwa punje, hakudondosha hata moja.

Ndama za Demba wakasimama tena vizuri. Manyoya yakalala, macho yakang'aa. Wa Dado akala nusu, kisha robo, kisha majani ya karanga niliyochomoa kwenye paa la banda la mbuzi wangu. Mawingu yalikuja yakapita. Dado aliacha kabisa kukamua, chuchu zote nne akamwachia ndama, lakini Oole mzee alikuwa amekauka kama kuni. Jioni nilimkuta Dado amekaa ndani ya kile kiwanja cha miiba, hori tupu mbele yake, ndama ameweka kichwa mapajani mwake. Alikuwa anamsimulia habari za mama zake, wa mbali na wa karibu, Oole kwa Oole. Nilirudi nyuma bila kupiga hodi.

Watu wasiofuga hudhani mvua ya kwanza ni furaha. Mvua ya kwanza ndiyo inayoua. Inakuja na upepo wa baridi na matone makubwa, inamkuta mnyama hana mafuta mwilini, anatetemeka, analala chini, na akilala haamki. Ile ya mwaka ule ilitokea alasiri, ndama wakiwa malishoni kwenye bonde. Ukuta wa vumbi ulisimama mashariki, tukauona, na kabla hatujamaliza kupiga kelele ulikuwa umetufunika. Dado na Jewo walikimbilia bondeni, wakapotezana, wakarudi wakipapasa. Nami nilijaribu nikaangukia miiba. Aliyeendelea mbele ni Demba peke yake, mzee wa umri ule, na fimbo yake.

Mvua ilipiga mpaka ardhi ikawa ziwa. Ilipopungua tulikuwa tumekusanyika mlangoni kwa Dado, tumelowa, tunatazama upande wa bonde. Ndipo tukamwona akitokea. Fimbo hakuwa nayo. Ile kanzu isiyojua doa ilikuwa tope tupu, na alikuwa anayumba kama mlevi. Mabegani amebeba ndama, miguu minne ameikumbatia kifuani kwa mikono yote miwili, na masikio makubwa yananing'inia.

Alimtua karibu na moto. Dado akavua mtandio wake, akaanza kumsugua kwa nguvu, ubavu, shingo, miguu, huku Jewo akipasha maziwa ya mbuzi. Ndama alikuwa baridi. Dado alichovya vidole kwenye maziwa akamtia mdomoni, na kwa muda mrefu hapakuwa na kitu. Kisha taya likacheza. Ndama akanyonya.

Dado aliinamisha kichwa. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Shemeji," akasema bila kumtazama, "na wa kwako?"

Demba alikuwa anakamua maji kwenye kanzu. Alikamua upindo wote mpaka mwisho kabla ya kujibu.

"Walikuwa wamelala pamoja naye. Ningeweza kubeba mmoja tu."

"Wote, shemeji?"

"Wote."

Moto ulilia kwenye kuni mbichi. Dado alifumba macho. Nilijua anaziona zile pumba, nusu nzima aliyomnyima Oole mdogo, zimelala bondeni chini ya maji.

"Wangu walikula vizuri, Dado," Demba akasema. "Mwaka huu walikula vizuri sana."

Akatoka akaingia kwenye mvua iliyobaki. Mimi nililia palepale, Mserer mzima mbele ya Wafulani, na hakuna aliyenitania.